Picha ya Ubongo wa Mtoto na Wajibu wa Askari wa Mpakani

Askari apangwaye zamu katika mpaka wa Busia au wa Malaba hufundishwa kutazama mambo mengi kwa wakati mmoja: hati za msafiri, shehena ya lori, uso wa anayejibu maswali na mikono ya asiyejibu. Kazi hiyo ni ngumu, na wananchi wa pande zote mbili za mpaka wanaelewa kwamba wao hulala usingizi kwa kuwa yuko mwenzao aliye macho. Lakini yapo mambo yavukayo mpaka ambayo hayana hati wala shehena. Mojawapo ni mtoto mgonjwa, aliyefungwa mgongoni mwa mama yake juu ya boda boda, saa nane za usiku, macho yake yamegeuka na mwili wake unakakamaa kwa degedege. Leo tungependa kuzungumza nanyi, ndugu askari wa jeshi na wa polisi, juu ya mtoto huyo, juu ya ubongo wake, na juu ya mashine ambazo siku hizi zaweza kuupiga picha ubongo huo ukiwa hai ndani ya fuvu.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo ya madaktari, na ya kuwa askari hayamhusu. Sisi hatukubaliani na usemi huo, kwa sababu mbili. Kwanza, katika nchi ya Tororo na Busia, njia ya kwenda hospitali hupita mara nyingi mbele ya kizuizi, na anayesimama kwenye kizuizi ndiye anayeamua kama safari itachukua dakika kumi au saa mbili. Pili, watoto wa askari wenyewe wanalelewa kambini na katika kota za polisi, na maradhi hayaulizi cheo cha baba.

Yafaa kwanza tueleze maradhi yenyewe. Viko virusi vinavyoweza kuudhuru ubongo wa mtoto hadi akapungukiwa na fahamu, akapata degedege, au akapoteza uwezo aliokwisha kuupata. Hitilafu hiyo ya ubongo madaktari huiita ensefalopathia. Virusi vya surua huweza kuileta. Inakadiriwa kwamba katika kila watoto 1,000 waliougua surua, mmoja hivi hupata uvimbe wa ubongo. Virusi vya West Nile, vilivyogunduliwa hapa Uganda mwaka 1937, navyo huweza kuushambulia ubongo. Lakini katika sehemu zetu, virusi ambavyo vimeharibu ubongo wa watoto taratibu na bila kelele ni virusi vya UKIMWI. Mtoto aliyezaliwa navyo, asipotibiwa, huanza kurudi nyuma: aliyekuwa akikaa hawezi tena kukaa, aliyeanza kutamka maneno hunyamaza, miguu hukakamaa, na kichwa huacha kukua kama cha wenzake. Majirani husema mtoto amerogwa au amepooza. Kumbe ubongo unasinyaa.

Kwa miaka mingi daktari aliweza kukisia tu yanayotendeka ndani ya fuvu. Picha ya eksirei, iliyovumbuliwa mwaka 1895, huonyesha mfupa uliovunjika na risasi iliyobaki mwilini, mambo ambayo askari wanayajua sana; lakini ubongo wenyewe hauonyeshi vyema. Mabadiliko yalikuja tarehe 1 Oktoba 1971, pale mgonjwa wa kwanza alipopigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT katika hospitali moja ya London. Mashine hiyo ilitengenezwa na mhandisi Godfrey Hounsfield, na hesabu zilizoiwezesha zilikuwa zimefanyiwa kazi pia na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. CT hupiga eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta huziunganisha zikawa kama vipande vya mkate vilivyokatwa kimoja kimoja, na daktari hukitazama kila kipande. Baadaye ikaja mashine ya MRI, ambayo haitumii eksirei bali sumaku yenye nguvu nyingi, nayo huonyesha nyama laini ya ubongo kwa undani zaidi.

Katika ubongo wa mtoto aliyeathiriwa na virusi vya UKIMWI, picha hizo huonyesha mambo matatu hasa. La kwanza ni kwamba ubongo umepungua ukubwa na vyumba vya maji vilivyomo ndani yake vimepanuka. La pili ni chembe za chokaa zilizojikusanya katika viini vya ndani kabisa vya ubongo, ambazo CT huziona kama vidoa vyeupe. La tatu ni mabadiliko katika sehemu nyeupe ya ubongo, yaani nyuzi zinazopeleka habari kutoka mahali hadi mahali. Askari wa mawasiliano ataelewa mara moja maana ya jambo hilo la tatu: makao makuu yapo, vikosi vipo, lakini waya zimeharibika na amri haifiki.

Hata hivyo hatuna budi kusema wazi kwamba picha ni shahidi, si mganga. Mpelelezi wa polisi anajua kwamba ushahidi mzuri husaidia kutambua mkosaji, lakini haumrudishii uhai aliyekwisha kuuawa. Vivyo hivyo, sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa haifufuliwi na picha. Huko Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wachanga wenye virusi vya UKIMWI walioanzishiwa dawa mapema, wakiwa na umri wa majuma 6 hadi 12, walipunguziwa vifo kwa asilimia 76 kuliko wale waliosubiriwa mpaka waonyeshe dalili. Lakini baadhi ya watoto hao, walipopigwa picha za MRI miaka kadhaa baadaye, walionekana bado wana alama katika sehemu nyeupe ya ubongo, ingawa walikuwa wametibiwa mapema. Fundisho lake ni hili: virusi huanza kazi yao mapema sana, na kila juma linalopotea lina gharama.

Kuna fundisho la pili, nalo lahusu degedege na malaria. Katika Tororo na Busia mtu akimwona mtoto mwenye homa na degedege husema ni malaria, na mara nyingi husema kweli. Uchunguzi uliofanywa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mkazi mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Upulizaji wa dawa majumbani ulioanza huko Desemba 2014 uliipunguza malaria sana, ingawa baada ya mwaka 2020 iliinua tena kichwa. Basi ni haki kuishuku malaria kwanza. Lakini si haki kuishuku peke yake. Huko Blantyre, Malawi, madaktari waliwachunguza baada ya kufa watoto 31 waliokuwa wamehesabiwa kuwa na malaria ya ubongo, wakakuta kwamba 7 kati yao waliuawa na ugonjwa mwingine. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Uchunguzi mwingine wa Malawi, uliochapishwa mwaka 2013, ulivikuta virusi katika mfumo wa ubongo wa kama robo ya watoto walioletwa wakishukiwa kuwa na maambukizo ya ubongo, wakiwamo waliokuwa na vijidudu vya malaria damuni.

Ni huko huko Blantyre ambako mashine ya MRI ilionyesha jinsi malaria ya ubongo inavyoua. Watoto 168 walipigwa picha walipolazwa. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Kati ya 143 waliopona, wenye uvimbe wa namna hiyo walikuwa 39. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Nchini Kenya, wataalamu wa Kilifi walikuwa wamekwisha kutumia CT kuchunguza uvimbe huo kwa watoto wa pwani na kuandika habari zake mwaka 1994. Ubongo uliovimba ndani ya fuvu hauna mahali pa kwenda. Huligandamiza shina lake lenyewe, ambalo ndilo linaloongoza pumzi. Ndiyo maana tunasema kwamba katika ugonjwa wa ubongo saa moja si kitu kidogo, na saa mbili kwenye kizuizi zaweza kuwa tofauti kati ya mtoto atakayerudi shuleni na mtoto atakayezikwa.

Je, mashine hizo ziko mbali nasi? Ziko mbali, lakini si mbali kama watu wanavyodhani. Kutoka Tororo hadi Mbale ni mwendo usiofika kilomita 50. Katika mji huo imo hospitali ya watoto ya CURE, ambayo tangu mwanzoni mwa karne hii imejulikana duniani kwa kutibu watoto wenye maji yaliyojaa kichwani. Mwaka 2005 daktari Benjamin Warf alieleza kwamba zaidi ya nusu ya watoto hao walipatwa na hali hiyo baada ya kuugua maambukizo ya ubongo wakiwa wachanga. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya watoto 100 waliotibiwa Mbale kwa njia mbili tofauti za upasuaji, na picha za CT ndizo zilizotumiwa kupima ukubwa wa ubongo wao kabla na baada. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba katika maji ya ubongo wa baadhi ya watoto hao wa Uganda walikuta bakteria ambayo haikuwa ikitiliwa maanani hapo nyuma, na katika baadhi yao virusi vya sitomegalo. Hivyo basi, swali la nini kinachoharibu ubongo wa mtoto wa mashariki mwa Uganda limeanza kujibiwa hapa hapa nyumbani.

Zaidi ya hayo, mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, pamoja na wenzao wa Uholanzi na Marekani, waliiunganisha kwa mikono yao mashine ndogo ya MRI yenye sumaku dhaifu, isiyohitaji chumba cha gharama wala umeme mwingi kama ile mikubwa. Picha zake hazina wepesi wa kuona kila kitu, lakini zatosha kuonyesha maji yaliyojaa kichwani. Na kwa mtoto mchanga ambaye utosi wake haujafunga, ipo njia rahisi kuliko zote: altrasaundi, mashine ile ile inayotumika kumtazama mtoto tumboni mwa mama. Ikiwekwa juu ya utosi, huonyesha vyumba vya maji vya ubongo bila maumivu na bila eksirei. Kinachohitajika zaidi ni mtu aliyefundishwa kuisoma.

Tusisahau pia kwamba Tororo na Busia zenyewe zimekwisha kuifunza dunia. Shirika la TASO, lililoanzishwa mwaka 1987 na Bibi Noerine Kaleeba na wenzake, limewahudumia wagonjwa wa Tororo kwa miaka mingi. Mwaka 2003, wakati watu wengi walipokuwa wakidai kwamba mwanakijiji wa Afrika hawezi kufuata utaratibu wa dawa za UKIMWI, wahudumu waliopanda pikipiki walianza kuzipeleka dawa hizo majumbani mwa wagonjwa wa wilaya hizi mbili kila juma. Wagonjwa wakazinywa. Vifo vikapungua sana, na hata watoto wasio na virusi katika nyumba hizo wakapunguziwa vifo kwa asilimia 81, kwa sababu wazazi wao walikuwa hai kuwatunza. Mwaka 2012 daktari Jane Achan na wenzake walionyesha, kwa uchunguzi uliofanywa Tororo, kwamba aina moja ya dawa za UKIMWI iliwapunguzia watoto wenye virusi mashambulizi ya malaria kwa asilimia 41. Na ni Uganda ambayo mwaka 1999 iliipa dunia habari ya kwamba dozi moja ya nevirapini kwa mama na moja kwa mtoto yaweza kupunguza maambukizo karibu kwa nusu. Tangu mwaka 2012 utaratibu wa nchi ni kwamba mama mjamzito aliyekutwa na virusi aanzishiwe dawa mara moja na aendelee nazo maisha yake yote. Bila hatua yoyote, watoto 15 hadi 45 katika kila 100 wa mama wenye virusi huambukizwa. Hatua zikifuatwa sawasawa, idadi hushuka chini ya 5.

Hapo ndipo neno letu linapowafikia askari moja kwa moja. Historia ya jeshi na UKIMWI katika nchi hii si siri. Mwaka 1986, maofisa 60 walipelekwa Cuba kwa mafunzo, na walipopimwa 18 walikutwa na virusi. Fidel Castro alimwarifu Rais Museveni jambo hilo walipokutana Harare katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote. Habari ile iliuma, lakini haikufichwa, na kusema kwake wazi kuliokoa watu wengi. Ujasiri wa namna ile ndio unaotakiwa leo ndani ya nyumba ya kila askari. Askari ambaye hutangulia mbele ya risasi, kisha akaogopa kuandamana na mkewe kwenda kupimwa, bado hajamaliza kazi ya ushujaa.

Liko pia tatizo la uhamisho. Amri huja asubuhi, na jioni familia iko ndani ya lori kuelekea kituo kipya. Kadi ya kliniki ya mtoto husahaulika chini ya godoro, dawa za mama hukatika mwezi mzima, na kipimo cha mtoto cha majuma sita hupitwa na wakati. Virusi havisubiri familia ifungue masanduku. Kwa hiyo tunawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo vya polisi waifanye kadi ya kliniki na barua ya daktari kuwa sehemu ya hati za uhamisho, sawa na bunduki inayokabidhiwa kwa saini. Nao kina baba na kina mama wa kambini wasiache kumpeleka mtoto kuchanjwa surua, wala kumpeleka kliniki mtoto anayerudi nyuma katika kukaa, kutembea au kusema.

Kuhusu kizuizi, tunajua hoja ya askari mwenye zamu. Atasema: je, ikiwa mgonjwa ni hila ya mlanguzi? Hoja hiyo si ya kubeza. Magendo yamepita mpakani kwa njia za ajabu. Lakini yako mambo ya kufanya bila kumchelewesha mtoto. Andika nambari ya gari au ya pikipiki. Mwite mwenzako aandamane na mgonjwa hadi hospitali. Bakiza mzigo, upekue kwa nafasi, na umwache mtoto aende. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi Busia tarehe 24 Februari 2018, maofisa wa Uganda na wa Kenya wanafanya kazi chini ya paa moja; kama lori la saruji laweza kukaguliwa mara moja badala ya mbili, mtoto asiyejitambua hastahili kukaguliwa hata mara moja kabla hajafika kwa daktari. Wateso na Wasamia wa pande hizi mbili ni ndugu, na mara nyingi hospitali iliyo karibu zaidi ni ile ya ng'ambo.

Aidha, kila askari ajue huduma ya kwanza ya degedege, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kumwona mtoto. Mlaze ubavu mahali laini. Ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe maji wala dawa, wala usimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike. Tazama saa, ili uweze kumwambia daktari degedege ilianza lini na ilidumu kiasi gani. Na mama akisema kwamba mtoto wa degedege hapigwi sindano, au ya kuwa ni pepo na apelekwe kwanza kwa mganga, mweleze kwa upole kwamba degedege ni kilio cha ubongo, na kwamba hospitali ndiko kilio hicho kinakosikika.

Mwisho tunawageukia wakuu wa afya wa nchi zote mbili. Picha ya ubongo isiwe anasa ya watoto wa miji mikuu. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na mtoto aliyepoteza fahamu hasafirishwi kilomita 200 kwa urahisi. Tunashauri kwamba hospitali za wilaya za mpakani zipatiwe watu waliofundishwa kusoma altrasaundi ya utosi. Kwamba mashine ya CT ihesabiwe kuwa mali ya mpaka mzima, itumiwe na mtoto wa upande wowote. Na kwamba mashine ndogo ya sumaku iliyojaribiwa Mbarara itafutiwe mahali mashariki pindi itakapothibitika kufaa. Fedha ni chache, hilo twalijua. Lakini mtoto aliyeharibika ubongo kwa kukosa kutambuliwa mapema hutunzwa na mama yake kwa miaka yote ya uhai wake, na gharama hiyo hailipwi na hazina yoyote.

Ndugu askari, mmekabidhiwa mpaka ili muulinde. Wamo ndani ya ulinzi huo watoto ambao hawajui kama wamezaliwa Uganda au Kenya. Usiku wa leo, boda boda ikija mbio na taa moja, na mama akapiga kelele kabla hajafika, inueni kizuizi kwanza. Maswali yatafuata baadaye.